Wakazi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe: shida yako ni ya ofisi ipi? Tuelekezane hapa

MzeeWaKata (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote wa Nyanda za Juu Kusini. Kamwene kwa Wahehe na Wabena, ugonile kwa wa Rungwe na Kyela.

Nimekuwa mtendaji wa kata kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kwanza upande wa Iringa, baadaye Mbeya, na sasa nimestaafu. Kilichoniuma zaidi kazini ni kuona watu wanavyozungushwa. Mama anatoka kijijini alfajiri, analipa nauli mpaka makao makuu ya wilaya, anapanga foleni, halafu anaambiwa, "Hii siyo ya hapa, rudi kwa mtendaji wako." Na huyo mtendaji ofisi yake iko jirani na nyumbani kwake. Nauli imekwenda, siku ya shamba imekwenda, na wengi wakishazungushwa hivyo wanakata tamaa, haki yao inabaki mezani.

Kwa hiyo nimeona tuwe na uzi mmoja wa kuelekezana. Nitaanza na mambo ambayo nilikuwa nayarudia kila wiki, halafu kila mmoja alete lake.

Kwanza, mwenyekiti na mtendaji ni watu wawili tofauti. Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji mmemchagua wenyewe, mara ya mwisho ilikuwa tarehe 27 Novemba 2024, na muda wake ni miaka mitano. Anaendesha mikutano, anasuluhisha, anawajua wakazi wake. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, ana mshahara, anahamishwa kama watumishi wengine. Yeye ndiye mwenye mafaili, rejesta ya wakazi na mihtasari ya vikao. Ukitaka nakala ya muhtasari wa kikao kilichogawa ardhi, muulize mtendaji. Ukitaka suala la mfereji unaomwaga maji machafu mlangoni kwako liingie kwenye ajenda, muone mwenyekiti. Ngazi ya kata ni vivyo hivyo: diwani kachaguliwa na ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, mtendaji wa kata ni katibu wake.

Pili, kuna huduma ambazo watu wanazidai halmashauri kumbe ziko kwingine. Barabara za mitaani na za vijijini ziko TARURA tangu 2017. Barabara kuu na za mkoa ziko TANROADS, kama hii inayotoka Dar inapita Mafinga, Makambako na Uyole mpaka Tunduma. Maji ya vijijini ni RUWASA tangu 2019, na pale kijijini kwako kuna chombo cha watumia maji chenye kamati yake, anzia hapo. Mjini Mbeya na Iringa kuna mamlaka za maji za mji. Bomba likipasuka diwani atakusikiliza kwa heshima zote, lakini mafundi hawako kwake. Diwani mtumieni kwa kazi yake hasa, yaani kuuliza ndani ya baraza la madiwani kwa nini mradi fulani umekwama. Na baraza hilo ni mkutano wa wazi, mwananchi ana ruhusa ya kwenda kukaa na kusikiliza. Sijui kwa nini hatuendi.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, ni mkutano. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe. Mtaa nao una mkutano wake wa wakazi. Hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Hapo ndipo kaya maskini za kusaidiwa na mfuko wa TASAF zinapotajwa na majirani wenyewe. Na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kukubali. Nimekaa kwenye mikutano yenye watu thelathini katika kijiji chenye mamia ya kaya, halafu mwaka unaofuata watu wanashangaa shamba la kijiji limekwenda kwa nani.

Karibuni. Uliza ukitaja wilaya yako, maana mambo mengine yanatofautiana.

BintiMnyalu

Shikamoo mzee. Asante kwa kuanzisha hili.

Niko Kihesa, Iringa. Mwanangu ana miaka saba na hana cheti cha kuzaliwa. Wadogo zake walipewa kliniki bila kulipa kitu. Nimerudi kituo kilekile na kadi yake, nikaambiwa kwa umri wake hawawezi. Nianzie wapi?

MzeeWaKata

Marahaba mwanangu. Hawakukudanganya. Wadogo zake wamefaidika na mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano. Huo mpango kwa huku kwetu ulianzia Mbeya mwaka 2013, baadaye ukaja Iringa, Njombe na mikoa mingine. Mtoto anasajiliwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, anapewa cheti papo hapo bila ada, na taarifa zinatumwa RITA kwa simu. Ulikuwa mkombozi kweli, maana kabla ya hapo mtu wa Isimani ilibidi afunge safari hadi mjini kwa karatasi moja.

Mtoto akishapita miaka mitano anaingia kwenye utaratibu wa kawaida, yaani kwa msajili wa wilaya, na ofisi hiyo iko kwenye jengo la mkuu wa wilaya. Usiende manispaa. Unaweza pia kuanza maombi kwa njia ya mtandao wa RITA. Andaa kadi yake ya kliniki au tangazo la kizazi (karatasi ya kuonyesha mtoto alizaliwa) kama unalo, cheti cha ubatizo kama kipo, vitambulisho vyako na vya baba yake, na barua ya mtendaji wako. Hakikisha majina yako kwenye kadi ya kliniki yanafanana herufi kwa herufi na kitambulisho chako cha NIDA. Hapo ndipo wengi wanapokwamia. Kama yanatofautiana, waambie mapema dirishani kabla hujalipa.

Na kwa wenye watoto wachanga: tafadhalini, msiache mpaka mtoto aanze shule. Akiwa chini ya miaka mitano ni bure.

Chuma_cha_Mafiati

Mzee heshima kwako, ila nataka tuongee ukweli. Umesema barua ya mtendaji. Huku mjini nilikohamia, barua ya utambulisho naombwa elfu tano, na nikisema sina naambiwa mhuri haupo ofisini. Nilikuwa naomba kazi ya ulinzi, nikalipa kwa sababu siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. Sasa hiyo haki yangu iko wapi? Haya maelezo ni mazuri kwenye karatasi, mtaani mambo ni mengine.

MjumbeSokomatola

Kaka Chuma, pole. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa, na naomba niseme upande wa pili bila kutetea ubaya. Mwenyekiti anaamshwa saa nane usiku kuna ugomvi wa mume na mke. Anakwenda na polisi kutambua nyumba. Anazika wasio na ndugu. Posho yake ni ndogo sana na huchelewa, na ofisi nyingi za mitaa hazina hata karatasi na wino. Ile hela ya barua ndiyo inayonunua daftari. Wakazi wengi wanaitoa kwa moyo. Ukiifuta bila kuweka kitu kingine, ofisi inafungwa.

MzeeWaKata

Wote wawili mnasema jambo la kweli, na sitaki tulipite haraka.

Ada halali ya halmashauri inatokana na sheria ndogo, na malipo yake yana risiti ya mashine au namba ya malipo ya serikali unayolipia benki au kwa simu. Kama pesa inaingia mfukoni bila risiti, hiyo siyo ada, hata kama inanunua daftari. Maana siku ambayo mzee asiye na elfu tano ananyimwa barua ya kwenda kutibiwa, daftari halimsaidii.

Ndugu yangu Mjumbe, kazi ya mwenyekiti ninaijua na ninaiheshimu. Nimefanya kazi na wenyeviti waliokuwa wanatoa mafuta ya pikipiki yao wenyewe. Lakini dawa ipo, na ni ile ile ya mkutano. Mtaa unaweza kukaa, ukakubaliana wazi kwamba ofisi yetu inahitaji karatasi, wino, taa, kila kaya iliyo na uwezo ichangie kiasi fulani, wasio na uwezo waachwe, pesa iandikwe na isomwe. Nimeona mitaa ikifanya hivyo na malalamiko yakaisha. Huo mchango umekubaliwa na watu. Wa dirishani unamkuta mtu akiwa peke yake na ana shida, hawezi kukataa.

Na wewe Chuma, mwanangu, ikitokea tena: uliza kwa upole, "Naomba namba ya malipo au risiti." Mara nyingi mambo yanaishia hapo. Ikishindikana panda kwa mtendaji wa kata, yeye anaweza kukuandikia. Ikishindikana na huko, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wana namba ya bure, 113. Usikae na uchungu moyoni.

Chuma_cha_Mafiati

Nimekuelewa mzee. Hili la kuchangia ofisi kwa makubaliano sijawahi kulisikia. Nitalipeleka mtaani kwetu. Na Mjumbe, samahani kama nimewachoma wote kwa pamoja.

MjumbeSokomatola

Hakuna neno kaka. Mwenye kosa asemwe.

MamaViazi

Hamjambo wote. Mimi ni mkulima wa viazi na mahindi, upande wa Isyonje. Naomba kujua kuhusu mbolea ya ruzuku. Namba niliyojisajili nayo ya zamani nimeshabadilisha laini, na shamba nimeongeza. Wakala ananiambia mfumo hausomi.

MzeeWaKata

Dada, hili liko kwa mtendaji wako wa kijiji akishirikiana na afisa ugani. Wakala anauza tu, hana mamlaka ya kubadilisha taarifa zako. Nenda na kitambulisho, namba mpya ya simu na ukubwa wa shamba kama lilivyo sasa, uwaombe wahuishe taarifa zako kwenye daftari la wakulima kabla ya msimu. Ukisubiri mvua za Novemba zianze utakuta foleni, na mbolea imeshapanda gari kwenda kwa wengine.

Ruzuku hii ilizinduliwa hapa hapa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, Nane Nane ya 2022. Wakati ule mfuko wa kilo 50 ulishushwa mpaka elfu 70, wakati bila ruzuku ulikuwa umepita laki moja. Kwa mkulima wa huku, ambaye bila mbolea mahindi yanakuwa ya kijani mpauko tu, ile ilikuwa tofauti ya kulima ekari moja au tatu.

Kiasi unachoruhusiwa kinatokana na ekari ulizoandikisha. Ndiyo maana ukiongeza shamba bila kuandikisha, mfumo unakupa kwa hesabu ya zamani.

Mgani_Uyole

Naongezea kwa MamaViazi, mimi nafanya kazi za ugani. Kabla ya kununua mbolea ya msimu mpya, fikiria kupima udongo. TARI Uyole wapo karibu na wewe, ni kituo cha utafiti cha serikali, na ushauri wa mbegu za viazi na mahindi ya nyanda za juu ndiyo kazi yao. Wakulima wengi wanapita pale getini kila siku wakienda sokoni na hawajawahi kuingia. Ingieni.

Mwanjelwa_Mitumba

Mzee shikamoo. Sisi ni akina mama tunaouza mitumba Mwanjelwa, tumeungana, tunataka mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri. Kuna mtu anatuambia tumpe laki mbili atuandikie andiko na "atalisukuma". Tumpe?

MzeeWaKata

Marahaba. Msimpe hata mia.

Hapa nitaandika kwa kirefu kwa sababu nimeona vikundi vingi vikivunjika.

Kila halmashauri kisheria inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 serikali iliisimamisha baada ya ukaguzi kuonyesha madeni makubwa yasiyorejeshwa na vikundi hewa, ikarudi 2024 na utaratibu mpya wenye uhakiki mkali zaidi. Kwa hiyo mnaingia wakati ambapo mnaangaliwa kwa makini, na ni vizuri iwe hivyo, maana ile pesa ni ushuru wenu wenyewe wa sokoni.

Mtu wenu ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Naomba msimchanganye na afisa ustawi wa jamii, huyo anahusika na familia, wazee, watoto na misamaha. Afisa maendeleo ya jamii ni kazi yake kuwafundisha kuandika katiba ya kikundi, kusajili, kufungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na kuandaa andiko la mradi. Ni mtumishi, halipwi na ninyi. Maombi yanapita kata, yanakwenda halmashauri, yanahakikiwa. Wahakiki wanakuja kuona biashara ipo kweli au ni ya kwenye karatasi. Idadi ya wanakikundi na umri wa vijana vimebadilishwa na kanuni zaidi ya mara moja, kwa hiyo muulizeni yeye kanuni iliyopo sasa, msifuate ya kikundi cha jirani aliyekopa zamani.

Andiko lililonunuliwa kwenye duka la steshenari linajulikana ukurasa wa kwanza. Limeandikwa ufugaji wa kuku elfu moja, ukiwauliza wanakikundi kuku mmoja anakula kiasi gani hawajui. Ninyi mnauza mitumba. Andikeni mitumba: robota la nguo za watoto mnanunua kwa bei gani, linatoa vipande vingapi vizuri, vingapi vya kutupwa, mnauza kwa siku ngapi. Hayo mnayajua kuliko mtaalamu yeyote. Lugha iwe ya kawaida.

Jambo la mwisho, na ni la ndani yenu. Vikundi vingi vinavyokufa ni vile vilivyoungana wiki ya tangazo. Pesa ikiingia inagawanywa kwa kichwa, kila mtu anaenda kwake, miezi mitatu baadaye mwenyekiti ndiye anayefuatwa na deni. Kama mna mchezo wa kupeana pesa au VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopeshana) mnaoendesha kwa muda mrefu na mnaaminiana, anzieni hapo.

Mwanjelwa_Mitumba

Mungu akubariki mzee. VICOBA tunayo, ina daftari na kila kitu. Jumatatu tunaenda kata.

Boda_Ipogolo

Nathibitisha. Sisi vijana wa boda Ipogolo tulipata, na kilichotubeba ni daftari la michango. Wahakiki walilifungua, wakaona majina yale yale yanachangia kila Jumapili, hawakuuliza mengi. Marejesho tulipanga kila wiki badala ya kila mwezi, maana sisi hela yetu ni ya kila siku.

MwanaKilolo

Naombeni msaada kwa niaba ya mama yangu mdogo. Mume wake amefariki, upande wa mume wanataka wachukue shamba alilolima miaka yote. Kijiji chake kiko Kilolo. Amekwenda baraza la kata, wamesuluhisha, wale wamekataa. Anaambiwa baraza litoe hukumu, wao wanasema hawawezi. Ni kweli?

MzeeWaKata

Pole kwa msiba, ndugu yangu.

Ni kweli. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza la kata kwenye migogoro ya ardhi linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Suluhu ikishindikana, linatoa uthibitisho kwamba usuluhishi umeshindwa, na kwa uthibitisho huo mama anafungua shauri kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Akachukue hiyo karatasi, wasimwambie arudi kesho.

Wakati huo huo aende kwa mtendaji wa kijiji aulize kama shamba lile lina hatimiliki ya kimila, yaani hati ya ardhi ya kijiji. Iringa tuna bahati, vijiji vingi vya wilaya ya Iringa vilipimiwa mashamba kwa simu za mkononi, kazi iliyoanza kwa majaribio katika kijiji cha Ilalasimba, na watu wakapewa hati. Hati nyingi zina majina ya mume na mke. Kama Kilolo kwenu kazi hiyo ilifika na jina lake limo, shauri lake lina nguvu sana. Kama hakuna hati, atafute majirani wa mipakani waliomwona akilima, na muhtasari wowote wa kijiji unaotaja shamba.

Sheria zetu za ardhi za 1999 zinasema haki ya mwanamke kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Nimesikia wazee wenzangu wakisema mila haziruhusu. Mila inayomfukuza mjane shambani haina nguvu mbele ya sheria ile, na wazee tuseme hivyo hadharani.

Msaidizi_wa_Kisheria_IR

MwanaKilolo, mama asilipe mtu wa kumwandikia nyaraka kabla hajaonana na wasaidizi wa kisheria. Tunafanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, huduma ni bure kwa asiye na uwezo. Aulize ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya, wanatufahamu na watamwelekeza kwa aliye karibu naye. Aende na cheti cha kifo na cheti cha ndoa. Kama walifunga ndoa ya kimila bila cheti, aende na watu walioshuhudia. Na suala la mirathi aliangalie mapema, kwa sababu shamba ni sehemu ya mirathi na upande wa pili wanaweza kuwahi mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi bila yeye kujua.

MwanaKilolo

Kumbe na hilo lipo. Asanteni sana, nampigia sasa hivi.

NesiWaZahanati

Nimesoma uzi wote. Naomba niseme la afya, kwa sababu mimi ndiye ninayekaa dirishani.

Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha wa matibabu kwenye vituo vya serikali kwa sera ya nchi. Tatizo ni kwamba mzee anakuja mkono mtupu, hana kitu kinachoonyesha umri wala hali yake, na mimi sina namna ya kumwandikia msamaha. Wanaotakiwa kumtambua ni mtaa au kijiji pamoja na ustawi wa jamii, na wanamwandalia kitambulisho akiwa mzima. Watoto wa wazee, fanyeni hivyo sasa. Msisubiri baba awe kitandani.

La pili linaniliza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha udumavu (mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa kukosa lishe) kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni karibu asilimia 57 Iringa na karibu 50 Njombe, wakati taifa zima ni 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi, viazi, maziwa na maharage. Mama analima tangu alfajiri mpaka jioni, mtoto anaachiwa uji mweupe kwa dada yake wa miaka tisa. Chakula kipo nyumbani, anayekiandaa na kumlisha mtoto ndiye hayupo.

Huduma ipo na watu hawaijui: Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inafanyika kila robo mwaka. Watoto wanapimwa uzito na urefu, akina mama wanaonyeshwa kupika kwa vyakula vilivyopo hapo hapo kijijini. Na halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani kwa ajili ya lishe. Swali hilo muulizeni diwani wenu mkutanoni: zimetengwa, na zimetumika wapi? Akina baba hasa, naomba muulize ninyi. Mama akiuliza anaambiwa ni mambo ya jikoni.

MzeeWaKata

Nesi, umesema neno ambalo halmashauri zetu zinapaswa kulisikia. Kwa miaka yote niliyokuwa katibu wa kamati ya maendeleo ya kata, barabara na madarasa vilipata wasemaji wengi. Lishe ilikuwa inasomwa mwisho, watu wameshaanza kuvaa makoti. Wenye madiwani wenu humu, wapelekeeni ujumbe huu.

Mwl_Makambako

Michango ya shule jamani, kabla uzi haujaenda mbali. Elimu ni bila malipo tangu 2016, kidato cha tano na sita tangu 2022. Mchango wa chakula au wa darasa unakubaliwa kwenye kikao cha wazazi na kufuata taratibu za serikali, na mtoto hafukuzwi darasani kwa sababu mzazi hajachanga. Mimi ni mwalimu na nasema: chakula cha mchana shuleni ni kitu kikubwa, nawaomba wazazi mchange mkiwa na uwezo, debe la mahindi linatosha. Lakini ukiona mtoto amerudishwa nyumbani, nenda kwa afisa elimu kata. Hajaridhisha, afisa elimu wa halmashauri.

BintiMnyalu

Mwalimu, na msichana aliyeacha shule kwa ujauzito? Ni mdogo wangu, mtoto wake ana mwaka mmoja, anatamani kurudi.

Mwl_Makambako

Dada, tangu mwishoni mwa 2021 anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi, aende na mzazi kwa mkuu wa shule alikoachia. Kama anaona aibu kukaa na wadogo, kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi. Kwenu Iringa kipo Ilula, kwa Mbeya kipo Nzovwe. Vyuo hivi vinafundisha masomo ya sekondari kwa walioacha shule pamoja na ufundi kama ushonaji, upishi na umeme, na vingi vina sehemu ya kulea watoto wadogo wakati mama yuko darasani. Mwambie aende akaone mwenyewe kabla hajaamua.

Duka_la_Tukuyu

Fupi: leseni ya biashara sasa ni kwenye mfumo wa TAUSI, unaomba na kulipia kwa simu yako. Usimpe mtu nywila yako "akusaidie". Ukikwama nenda ofisi ya biashara ya halmashauri, wanakufungulia bila kukudai. Ndaga fijo mzee kwa uzi huu.

Kijana_wa_Tunduma

Mzee, sisi Songwe tumetoka Mbeya 2016. Nyaraka za zamani za kiwanja cha baba, za miaka ya tisini, nizitafute Mbeya au huku?

MzeeWaKata

Anzia halmashauri ya mji wa Tunduma, idara ya ardhi, kisha ofisi ya ardhi ya mkoa wa Songwe, maana sasa kila mkoa una ofisi yake ya ardhi. Beba chochote chenye namba: barua ya toleo, risiti ya zamani ya kodi ya ardhi, namba ya kitalu. Kwa namba hiyo watajua jalada lilihamishwa au bado liko Mbeya, na kama liko Mbeya waombe waliitishe wao kiofisi. Usikubali kutumwa ukalibebe mwenyewe. Omba pia uangaliziwe deni la kodi ya ardhi siku hiyo hiyo, ili ujue kama kuna malimbikizo kabla hujaanza maombi ya kubadilisha jina.

Wengine waliouliza kwa ujumbe wa faragha, nitawajibu hapa hapa kesho jioni ili majibu yafae wote. Wa Mbarali mwenye swali la mfereji wa umwagiliaji, niandikie jina la skimu yenu na kama chama cha umwagiliaji kimesajiliwa.